Kofia ya Mtoto Kule Ziwani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitaki mtu agawane nami cheo hicho. Shemeji yangu aliyetuongoza hakukosea njia. Mke wangu hakukosea neno. Hata Breki, ambaye ana uso ambao lawama zikipita hewani zinatua hapo, hakufanya zaidi ya alivyolelewa na mama yake. Mjinga ni mimi niliyemwalika Breki.

Mimi ni kinyozi. Mtaani wananiita Redio, kwa sababu nikiwaka asubuhi sizimwi mpaka jioni. Kiti changu kiko karibu na dirisha, kioo mbele na kioo nyuma, na kazi yangu nusu iko mkononi, nusu iko mdomoni. Mteja akikaa na mawazo yake shingo inakakamaa, mashine inaruka, mstari wa kisogoni unakwenda upogo. Basi unamtia hadithi, unamlegeza. Na wembe unauinua kidogo kabla hajacheka. Ukingoja acheke ndipo uinue, utakuwa unafuta damu huku unaomba radhi.

Mke wangu ni mwoka mikate. Anatoka nyumbani majogoo bado hawajakubaliana nani aanze, anarudi mchana ananukia hamira, na mikono yake kuanzia kwenye kiwiko ina michirizi ya trei za moto, mingine ya zamani, mingine mibichi. Alipohamia kwa kaka yake, kitu cha kwanza nilichokikosa ni harufu ile kwenye mto wa kulalia. Nilikataa kuufua mpaka ukaanza kunuka mimi.

Kaka yake huyo, shemeji yangu, siku zake za mapumziko huongoza watu kupanda mlimani, kwenye ziwa lililo juu kabisa, mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nikasikia kwamba mke wangu atapanda naye. Nikapiga simu nikiomba niwemo. Akaniambia, "Mlima si wangu. Njoo ukitaka." Mimi nikasikia "njoo". Mengine sikuyasikia.

Breki nilimchukua awe msemaji wangu. Ni mwalimu wa udereva, mtu wa taratibu, anaweza kumwambia mwanafunzi "umegonga ukuta" kwa sauti ya kumpongeza. Hata akiwa kitini kwangu, kila nikizungusha kiti mguu wake wa kulia unakanyaga breki ya hewani. Nilimwambia, "Mke wangu yuko kwa kaka yake, kanuna. Mimi nikisema, anasikia mzaha. Njoo unisemee."

"Nitakusemea," akasema. "Lakini mlimani usinikimbize."

Tulianza kupanda jua likiwa bado nyuma ya mlima. Mimi nilikuwa nimenyoa upara asubuhi hiyo, nikaupaka mafuta ukang'aa, maana nilitaka nionekane kijana. Mke wangu alinitazama kuanzia juu, akaishia hapohapo juu.

"Umenyoa upara uje mlimani?"

"Nimekunyolea wewe."

"Baridi haitauliza umemnyolea nani."

Nikafurahi. Mtu aliyekuchoka kabisa hakutanii.

Njia ya mwanzo ilipita msituni, mizizi imekatiza kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Shemeji alikuwa mbele na fimbo yake, haongei, anageuka tu mara mojamoja kututazama kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Breki nyuma kabisa, akijionya mwenyewe: "Kona hiyo. Punguza. Utelezi huo." Mimi nikamsogelea mke wangu.

"Nyumba nimeipaka rangi," nikamwambia.

"Vizuri."

"Jikoni, chumbani, mpaka darini."

"Rangi gani?"

"Ya mkate ulioiva vizuri. Sio ule mnaowauzia watu saa za kufunga."

Alicheka kwa pua. Nikaona mlango umefunguka, nikautia mguu.

"Rudi basi ukaione."

"Unadhani niliondoka kwa sababu ya rangi?"

"Basi niambie ni kwa sababu gani, na hiyo niipake."

Alisimama. Akaukaza mkanda wa begi kifuani, akanitazama sawasawa. "Niliondoka kwa sababu mle ndani hamna mtu wa kuzungumza naye."

Mimi! Mtu ambaye majirani wanagonga ukuta apunguze sauti!

"Mke wangu, mimi naongea mpaka usingizini."

"Unaongea, ndiyo." Akaanza kutembea tena, akasema bila kugeuka. "Tukifika juu nitakaa pale ziwani. Uje unikalie karibu, uniambie jambo moja la kweli. Moja tu, bila mzaha. Unalijua ni lipi. Ukiweza, tutashuka pamoja nikaione hiyo rangi yako. Usipoweza, kaka yangu ana chumba."

Nililijua ni lipi. Nikamwambia, "Hilo dogo," na yeye akaniongezea hatua, akaniacha.

Tulipotoka msituni jua lilikuwa limetupata. Huko hakuna mti, ni majani magumu yaliyoota kwa mafungu na mawe, na njia imejisimamisha mbele yako kama mtu anayetaka ugomvi. Hewa inaingia lakini haifiki. Kichwa changu kilianza kuchomwa na jua juu na kupigwa na baridi pembeni, kwa wakati mmoja. Mke wangu akarudi hatua chache, akavua kilemba chake, akanifunga kichwani bila neno, fundo nyuma, kama anavyofunga bakuli la unga unaoumuka.

"Unaona," nikasema, "bado unanijali."

"Ningemfunika hata mbuzi," akasema, akaenda.

Tulipopumzika kwenye jabali, yeye na kaka yake mbele kidogo, Breki akanisogelea, ananong'ona kama mwizi. Akatoa begini mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na kofia ya sufu, ya njano, ndogo kiasi cha kutosha kwenye ngumi, ina kamba mbili za kufungia kidevuni.

"Mama kafuma mwenyewe. Macho hayamsaidii tena, lakini vidole vinakumbuka. Nilimwambia umesema binti yako ana kichwa kikubwa kama chako, akaongeza mishono."

Nikaitazama ile kofia.

"Nitampa mama yake tukifika ziwani," Breki akaendelea. "Akiishika tu, moyo unalegea, hapo ndipo namwingizia maneno ya kurudi nyumbani. Ni kama kuingia barabara kubwa, bwana. Unangoja nafasi."

Binti yetu hakuwahi kuvaa kofia. Alizaliwa amekufa, msimu wa mvua wa mwaka jana.

Sasa ona ujinga unavyoota. Siku ya uchungu nilikimbilia hospitali na begi silo. Nguo za mtoto nimeziacha kitandani, mkononi nina begi la mashine na nyembe. Nesi akafungua atoe shuka la mtoto, akatoa brashi ya kufagilia shingo. Hiyo ni kweli, na inachekesha, naapa inachekesha, mpaka pale inapokoma. Niliporudi kazini niliisimulia kitini, kwa sababu kiti kinadai kitu na mimi sikuwa na kingine. Mteja akacheka mpaka shuka likamtoka mabegani. Halafu akauliza, "Na mtoto je?" Nikasema, "Hajambo."

Neno moja tu. Ningesema nini? Mtu ana povu shingoni. Lakini mteja anarudi, nywele haziachi kuota, na kila akirudi anauliza, ikabidi mtoto akue. Akaanza kukaa. Akaanza kuogopa mlio wa mashine. Dukani kwangu watu wazima wakiingia wanamwulizia kabla hawajaniamkia mimi, wamempa na jina, Redio Ndogo. Na nyumbani? Nyumbani sikumtaja hata siku moja. Mke wangu alikuwa akianza, labda tunakula, labda taa imezimwa, "Hivi unadhani angefanana na nani?", nami tayari nina mzaha mwingine mkononi, namwekea mbele kama sahani ya pili mtu hajaomba. Kitanda kidogo nilikitoa mwenyewe alipokuwa kazini, nikarudi napiga mluzi.

Mtu ataniuliza, sasa Breki nilimleta kwa akili gani? Kwa akili ya kinyozi. Maneno ya kitini ni kama nywele za sakafuni, jioni unafagia, unafunga mlango. Haikunijia kabisa kwamba kichwa nilichokijaza maneno kinaweza kusimama, kivae buti, na kupanda mlima pamoja nami. Nilimwambia kwamba mke wangu yuko kwa kaka yake, na yeye mwenyewe akamwongeza mtoto mgongoni mwa mama.

Pale jabalini nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili, upepo unavuma kwetu, mke wangu hasikii. Na lile jambo moja la kweli ningeweza kulijaribia hapohapo, kwa Breki, kabla ya kulipeleka kwa mwenyewe.

"Breki," nikasema.

"Sema."

"Yule mtoto..."

Mdomo wangu ukabaki wazi, na mdomo wangu ukibaki wazi unajua kazi moja tu.

"...ameota meno. Mawili, ya chini. Nimekwenda kumwona juzi, amening'ata kidole cha kazi."

Breki akacheka mpaka akashika jabali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nimeinua mkono kidogo kabla hajacheka.

Kuanzia hapo nilipanda kama ukuta kati yao. Breki akiongeza mwendo, naongeza. Mke wangu akisimama kunywa maji, nasimama katikati natazama mandhari, mimi ambaye mandhari siijui na hainijui. Nikamwomba Breki anipe mfuko nimkabidhi mwenyewe. Akakataa, kwa adabu: "Zawadi ya mtoto anapewa mama." Nikamwambia kwamba mke wangu hapendi njano. Akasema mtoto atapenda.

Kisha tukafika mahali pa changarawe. Unapanda hatua, unarudishwa nusu. Mawe yanakimbia chini ya buti kama mbaazi kwenye ungo, na mbele unaona ukingo tu, na nyuma ya ukingo mbingu. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu yumo ndani anataka kutoka. Nikapanda kwa mikono. Nikapanda kwa magoti. Nilikuwa nasema moyoni, alizaliwa amekufa na sijawahi kukwambia kitu, alizaliwa amekufa na sijawahi kukwambia kitu, nikilipanga vizuri ili likitoka litoke lote. Nikainama, nikatapika chai ya asubuhi yote.

Shemeji akanikamata kwapani, akanikalisha. "Tulia hapa."

"Siwezi kutulia."

"Unashindana na nani, Redio?"

Akawapungia mkono wale wawili. "Tangulieni! Ziwa liko nyuma ya huo ukingo. Huyu nitakuja naye."

"Breki!" nikaita. "Breki! Usimpe!"

Upepo ulikuwa unashuka. Breki akageuka, akanionyesha kidole gumba kunitia moyo, akaendelea. Redio mzima, siku ya kwanza nina habari ya kutangaza, hakuna anayenipata.

Nikawaona wamefika kwenye ukingo, wawili, wadogo, weusi mbele ya mbingu. Nikaona Breki anavua begi. Nikaona anatoa kitu, anakitoa kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Mke wangu akakipokea. Breki akaendelea kusema, mkono wake ukashuka chini, kiganja kimelala, anaonyesha urefu wa mtu anayejifunza kusimama. Mke wangu hakusogea. Halafu akakaa chini, na hakukaa kama mtu anavyokaa. Alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

"Kampa nini?" shemeji akauliza.

"Kofia."

"Kofia gani?"

Nikamwambia. Yote, kwa maneno machache, bila kupambapamba, nikimaliza kila sentensi na pumzi. Ajabu, yalitoka. Yalitoka kwa mtu ambaye hayakuwa yake, wakati yameshakosa kazi. Shemeji hakunipiga, ingawa mkono wake ulikaza kwapani mwangu mpaka ukaniuma. Akasema tu, "Simama. Utapanda."

Nikapanda.

Ziwa lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Maji ya kijani kandokando na meusi katikati, majabali yamelizunguka, hakuna ndege, hakuna unyasi unaotikisika. Ukitupa neno pale linasikika mpaka ng'ambo. Breki alikuwa amesimama mbali, ametupa mgongo, mguu wake wa kulia unakandamiza ardhi. Aliponisikia aligeuza uso, nikaona alikuwa analia. "Redio, mimi sikujua," akasema. "Kaka, ungeniambia tu." Nikampita.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na maji. Kofia ilikuwa gotini, kamba zake amezifunga fundo, kama ilivyo mtoto akiwa ndani. Nikamkalia karibu, kama alivyokuwa ameagiza.

"Ana meno mangapi?" akaniuliza.

Nikaitazama kofia.

"Breki anasema mawili. Ya chini. Nikamwambia mimi mama yake sina habari."

"Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Nimeshaambiwa." Alikuwa anaongea taratibu, macho kwenye maji. "Anaogopa mashine. Anacheka akipuliziwa poda. Analala na brashi ya shingo mkononi, ukimnyang'anya analia. Amechukua kichwa chako." Kila kitu alikitaja kama mtu anayekabidhiwa mizigo ya ndugu aliyefia safarini. "Kuna kingine?"

"Mke wangu."

"Nimeuliza kuna kingine?"

"Ulitaka jambo moja la kweli," nikasema.

"Nilitaka."

Basi nikalisema. Sauti ilikuwa yangu lakini sikuizoea, ilikuwa ndogo. Nikamwambia kwamba siku ile yeye akiwa bado amelala na dawa, kabla hawajamchukua mtoto, nesi aliniuliza kama nataka kumbeba. Nikambeba. Hakuwa mzito. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja, na mimi sikuwa na kitana, nikazichana kwa kidole mpaka zikakaa sawa. Nikamchora na mstari pembeni. Basi. Nesi akamchukua.

Mke wangu aligeuka. Alinitazama muda mrefu, na kwa muda huo, nasema kweli, nilidhani tutashuka pamoja. Macho yake yalikuwa yamejaa, mkono wake umeinuka kidogo kutoka gotini.

"Alikuwa na nywele?" akasema.

"Nyingi."

"Hukuwahi kuniambia alikuwa na nywele. Mimi sikumwona. Nilipoamka alikuwa ameshafunikwa, mkaniambia nisifunue. Nimekaa mwaka mzima namtafutia uso, Redio. Usiku nampa uso huu, asubuhi naufuta. Na wewe ulimwona."

"Nilikuogopea. Nilisema nikikwambia utalia."

"Wateja uliwaambia ana nywele?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na kipaji hicho.

"Ndiyo."

Mkono ukarudi gotini.

Hapo nikaanza kujitetea, na nilijitetea vizuri, maana nilikuwa nimechoka na nilikuwa na haki kidogo, na mtu mwenye haki kidogo ana kelele kuliko mwenye haki yote. Nikamwambia asifikiri aliumia peke yake. Nikamwambia kwamba mahali pengine popote yule mtoto alikuwa amekufa, nyumbani amekufa, hospitali amekufa, njiani amekufa, na pale dukani tu, kwa sababu ya mtu mmoja aliyeuliza, alikuwa hajambo. Nikamwambia nilikuwa nafungua mlango asubuhi kwa ajili yake. Nikamwambia, "Nilikuwa namlea. Nilimpa meno, nilimpa sauti, watu wanampenda. Wewe unaita mzaha, mimi nilikuwa baba. Ni kosa mtu kutaka kuwa baba hata kwa mdomo?"

Shemeji, ambaye siku nzima hakuwa amesema maneno kumi, akasogea. "Mdogo wangu," akasema kwa upole, "na yeye kaumia. Kila mtu analia anavyojua."

"Sikatai kaumia," mke wangu akasema. Akasimama. Akatoa kofia gotini, akaipangusa changarawe, akaitia kifuani ndani ya koti na kulifunga mpaka shingoni.

"Sasa kosa langu ni lipi?" nikasema, na sauti ilikuwa imepanda, ng'ambo ya maji ikanirudishia. "Nilimpenda! Niambie, kosa ni lipi hapo?"

"Aliye hai ukawapa wateja," akasema. "Mimi ukaniachia aliyekufa."